Kielelezo cha Miguu Minne

Mke na punda walikamatwa pamoja, lakini kituoni aliyewatoa polisi jasho ni punda. Mke aliambiwa aingie mahabusu akaingia, tena akawauliza askari kama wamekunywa chai, maana nyuso zao zilikuwa zimejikunja kama za watu wenye njaa. Punda aliambiwa atoke kwenye bustani ya mkuu wa kituo, akakataa. Alikuwa ameshamaliza maua mekundu na sasa alikuwa anayaendea ya manjano.

Mwenye punda alipofika, pumzi juu juu, alikuta askari mmoja anavuta kamba mbele na mwingine anasukuma nyuma, na Sajenti amesimama kando na kirungu mkononi, hajui ampige punda au awapige askari wake.

"Wewe ndiye mwenye lipunda hili?"

"Ndiye mimi, afande. Samahani sana. Haidhuru, maua nitakuja kupanda mengine."

Jina lake la kuzaliwa watu walikwisha kulisahau. Alikuwa muuza maji, na kwa kila jambo la dunia jibu lake lilikuwa hilo moja. Mteja akisema atalipa mwezi ukiisha, haidhuru. Gari likimrushia tope, haidhuru. Mwisho mtaa mzima ukamwita Haidhuru, naye akaitika bila kinyongo. Mkewe alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Yeye ukimkanyaga mguu utajua leo leo.

"Mke wangu kakosa nini, afande?"

"Amesimama mbele ya lango la machinjio, yeye na wanawake wenzake, wana mabango, wana ndoo, wana punda. Hujasikia sheria mpya? Mbele ya lango la kiwanda hapasimami kundi bila kibali. Hapapigwi picha. Hapaletwi mnyama wa kuhamasishia watu."

"Lakini walikuwa wananywesha punda maji, afande. Si wanawanywesha tu?"

"Kunywesha ndiko kuhamasisha kwenyewe," alisema Sajenti, wala hakucheka.

Na kweli walikuwa wananywesha. Tangu machinjio ya punda yafunguliwe, malori yalikuwa yanatoka mbali na punda waliobanana wima, wengine wamevunjika miguu na hawana hata nafasi ya kuanguka. Yakifika yanapangwa nje ya lango kusubiri zamu, juani, kutwa. Nyama haikuwa shida ya mtu. Walichotaka wenye kiwanda ni ngozi, za kupelekwa ng'ambo zikatengenezewe dawa ya kurudisha ujana. Mke wa Haidhuru alikuwa anapita pale kuwauzia maji wapakiaji. Siku moja akashindwa kupita. Alipanda gurudumu la lori, akainua ndoo, na punda waliokuwa ndani wakaigombania mpaka wakang'atana. Mlinzi akaja akaipiga ndoo teke. Kesho yake mama huyo akarudi na wanawake wanne, keshokutwa na ishirini, wengi wao wakiwa wameibiwa punda zao uani na kuziona ngozi zikitoka kwa lango lile lile. Kwa kuwa ndoo ishirini zinahitaji maji, na maji hayajibebi, alimleta na punda wa nyumbani na mkokoteni wake wa mapipa.

Punda huyo aliitwa Shemeji. Alitoka kwa kaka wa mke, na siku ya kwanza kuletwa alimkanyaga Haidhuru kidole, akasimama hapo hapo juu ya kidole akimtazama. Mke alicheka akasema, "Huyu ni shemeji yako kweli." Jina likakaa. Asubuhi wanawake wa mtaani waliulizana, "Shemeji amepita?" na mgeni akadhani wanamsubiri mtu.

"Sasa sikiliza," alisema Sajenti. "Mkokoteni ondoka nao. Punda ni kielelezo. Anabaki chini ya serikali mpaka kesi iishe. Na hapa kituoni, kama unavyoona, hatuna zizi."

"Nimrudishe nyumbani, afande, siku ya kesi namleta mwenyewe. Nitamwogesha kabisa."

"Kielelezo hakikai kwa mshtakiwa. Zizi lenye leseni mji huu ni moja tu."

Haidhuru alichukua muda kulielewa. "La... la machinjio, afande?"

"Kuhifadhiwa tu! Atavishwa kibandiko cha mahakama sikioni. Nani mwenye vichwa viwili aguse mali ya mahakama? Tatizo hatembei. Hebu tusaidie."

Hapa ndipo ningependa kumshika Haidhuru mabega nimtikise. Polisi wote wa kituo wangevuta mpaka jua litue, na Shemeji asingetoka. Pengine wangechoka wakamwacha pale kwenye maua. Lakini Haidhuru alilelewa kwamba mkubwa akiomba msaada hujiulizi mara mbili, na alidhani akionyesha adabu mkewe atatoka mapema. Mwenye nguvu mpishe, alijiambia. Akachukua kamba mikononi mwa askari.

"Huyu havutwi, afande," alisema, tena kwa majivuno kidogo, kama baba anayemsifu mwanawe. "Wala hapigwi. Huyu anageuziwa mgongo."

Akamgeuzia Shemeji mgongo, akaanza kutembea kama mtu anayekwenda zake. Punda akaacha maua, akamfuata.

"Ona!" alisema askari aliyekuwa anasukuma. "Na wanasema punda haendi bila kigongo."

Walipita barabara ya mitaro, wakapita stoo za mbao, wakateremka mteremko mrefu wa machinjio. Harufu iliwapokea kabla ya lango. Shemeji akasimama. Masikio yakalala nyuma. Haidhuru hakugeuka, alijua akigeuka atamwona macho. Aliendelea na mwendo wake ule ule, na nyuma yake akasikia kwato zikisita, zikisita tena, halafu zikija. Akamwingiza zizini. Alipotoka alimgeuzia mgongo mara nyingine, na Shemeji, kama alivyozoeshwa, akamfuata hadi mlangoni. Mlinzi akaubamiza mlango wa chuma puani mwake.

*

Mke aliachiwa alasiri kwa dhamana ya jirani yao, fundi viatu. Aliingia uani akapitiliza hadi banda la nyuma, akarudi.

"Shemeji yuko wapi?"

Haidhuru alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasugua pipa lililokuwa safi tayari. Binti yao, ambaye alikuwa anashona nguo za watu sebuleni, alisimamisha cherehani.

"Yuko... wamemhifadhi," alisema Haidhuru.

"Wapi?"

"Wana zizi lenye leseni."

Mke alimtazama. Halafu akakaa chini, taratibu, chini hasa kwenye vumbi, na khanga yake safi aliyokuwa ameletewa mahabusu.

"Walimpelekaje? Shemeji hamfuati mtu."

Binti akatokea mlangoni, sindano mdomoni. Akaitoa. "Baba, usiniambie."

"Waliniomba," alisema Haidhuru. "Nilifanya kwa ajili ya mama yako. Ana kibandiko cha mahakama, mwanangu. Sheria ni sheria."

"Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, si ndivyo mnavyotufundisha?" alisema binti. "Mbona huu meno yake yametazama kwetu tu? Lori lenye punda waliovunjika miguu linapita mbele ya polisi, hakuna kesi. Mama akiwapa maji, kesi!"

"Punguza sauti, majirani watasikia."

"Wasikie!" alisema mke kutoka pale chini. Sauti yake haikuwa kubwa, na hiyo ndiyo ilimtisha mumewe. "Mume wangu, mimi wakinifunga nitatoka. Mtu akifungwa huwa anatoka. Yule ulikompeleka, umewahi kuona punda anatoka?"

Haidhuru alifungua mdomo aseme lile neno lake. Binti alimwinulia kidole.

"Baba, usithubutu kulisema."

*

Siku zilizofuata alivuta mkokoteni mwenyewe. Hakuweza zaidi ya mapipa mawili, na kwenye miinuko ilibidi asimame kila hatua chache, amekanyaga jiwe, ulimi nje. Wateja wa zamani walimwonea huruma kwa mdomo na kununua kwa mwenye pikipiki ya miguu mitatu, ambaye alikuwa na haraka. Vijana wa kijiweni walipata mchezo.

"Haidhuru! Siku hizi umekuwa punda?"

"Mwacheni mzee, punda afe mzigo ufike!"

Alikuwa anatabasamu. Nyumbani alivua shati, binti akaona mabega, akaenda kununua dawa ya kuchua bila kusema kitu.

Kila baada ya kazi alikata majani kando ya mtaro, akayafunga mzigo, akateremka nayo machinjio. Mlinzi wa lango hakumruhusu kuingia. Mzigo aliupokea, akautupa kando ya kibanda chake, na siku ya pili Haidhuru aliukuta hapo hapo umekauka. Lakini kupitia nyavu za uzio alimwona Shemeji. Alikuwa peke yake pembeni, kibandiko chekundu sikioni, amesimama ameupa ukuta makalio. Alipomwona bwana wake alipiga kelele mpaka punda wengine wote wakaitikia.

"Mnyamazishe bwana, unaleta fujo," alisema mlinzi. "Kukusanya kelele mbele ya lango nako kuna sheria yake."

"Kelele ni za punda, ndugu yangu."

"Na punda ni wako."

Siku nyingine meneja mwenyewe alitoka. Alikuwa kijana nadhifu, viatu vinang'aa mahali pale penye damu, mtu wa kusema taratibu.

"Mzee, usihangaike na majani. Kielelezo kinalishwa vizuri. Ila gharama za malisho zitamhusu mwenye mali, uelewe. Kesi ikiisha tutawasiliana."

"Nilipie chakula cha punda mliyemchukua?"

"Hatukumchukua, mzee. Nimeambiwa ulimleta mwenyewe."

Haidhuru aliondoka. Mwili wote ulikuwa unawaka aibu. Kesho yake, alipofika kwenye nyavu, Shemeji hakuwepo pale pembeni. Mlinzi alisema amehamishiwa zizi la nyuma, lenye kivuli. Haidhuru alishukuru. Nyumbani alitangaza habari hiyo kama mtu aliyeshinda bahati nasibu: Shemeji amepewa kivuli! Mke aliacha kula, akasukuma sahani.

*

Siku ya kesi ukumbi ulijaa wanawake, wote wametulia, maana walionywa mlangoni kwamba hata kupiga makofi ni kosa. Mke wa Haidhuru alisimama kizimbani na khanga ile ile. Mwendesha mashtaka alisoma. Shtaka la kwanza, kukusanyika mbele ya lango la kiwanda bila kibali. Shtaka la pili, kumtesa mnyama, kwa kumsimamisha punda juani kwenye eneo la vurugu bila kujali afya yake.

Mnong'ono ukapita ukumbini. Mke aliinamisha kichwa kama asiyesikia vizuri.

"Rudia la pili, mwanangu," alimwambia mwendesha mashtaka.

"Mshtakiwa, hujaruhusiwa kuuliza," alisema hakimu. "Kielelezo kiko wapi?"

Karani alimtazama Sajenti. Sajenti alijikohoza, akatoka, akarudi na gunia. Aliliweka mezani kwa uangalifu sana.

"Mheshimiwa, kielelezo kipo. Isipokuwa kimebadilika hali."

"Kimebadilika namna gani?"

"Kulitokea mchanganyiko zizini, Mheshimiwa. Wafanyakazi wa zamu hawakuona kibandiko. Lakini ngozi ilitambuliwa, na kibandiko kiko salama kabisa."

Akafungua gunia. Ngozi ilitoka imekunjwa, imetiwa chumvi, na ule uwekundu wa kibandiko juu ya sikio. Ilipokunjuliwa, begani palionekana kipara kidogo, mahali ambapo mkanda wa mkokoteni ulikuwa unasugua kabla Haidhuru hajaushonea kipande cha sweta lake. Hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa anakipaka mafuta kipara kile kila jioni, kwa kiganja.

Alisimama, naye hajui amesimama lini.

"Mheshimiwa, swali."

"Kaa chini, mzee."

"Mke wangu kamtesa punda kwa kumsimamisha juani. Sawa. Na hawa waliomchuna wameshtakiwa kwa lipi?"

"Kaa chini, la sivyo utalala ndani."

"Mimi ndiye niliyempeleka, Mheshimiwa! Walishindwa wote na virungu vyao! Niliwaambia havutwi, anageuziwa mgongo. Akanifuata. Alisikia harufu akasimama, halafu kwa sababu ni mimi akanifuata!"

Askari wawili walimkalisha. Alikuwa analia waziwazi, mtu mzima, na hakuna mwanamke hata mmoja ukumbini aliyetazama pembeni. Mkewe kizimbani alikuwa anamtazama yeye, si ngozi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alimtazama bila hasira.

Hakimu alihukumu kabla ya chakula cha mchana. Hatia kwa yote mawili. Faini, ambayo wanawake waliichanga pale pale kwenye ngazi za mahakama, wakifungua mafundo ya khanga. Tena, kwa mwaka mzima mshtakiwa asivuke jiwe jeupe lililo juu ya mteremko wa machinjio. Na kielelezo, kwa kuwa kesi imekwisha, kirudishwe kwa mwenyewe.

Nje, Haidhuru amekumbatia gunia, yule meneja nadhifu alimfuata hadi kivulini. Akashusha sauti, kwa heshima zote.

"Pole sana, mzee. Ajali kazini. Lakini ngozi hiyo ukikaa nayo itaoza, wala huna pa kuipeleka. Sisi tunanunua. Tutakata yale malisho, inayobaki unachukua wewe."

Mke alisubiri kusikia "haidhuru". Jirani fundi viatu naye alisubiri. Mzee alimtazama meneja muda mrefu, usoni, kisha kwenye viatu, kisha usoni tena.

"Punda wangu alikuwa anakujua?" aliuliza.

"Sikuelewi, mzee."

"Basi hayakuhusu," alisema Haidhuru, akamgeuzia mgongo.

*

Asubuhi walijaza mapipa yote sita mpaka midomoni. Haidhuru aliitandika ngozi juu ya mapipa, manyoya juu, akaingia kati ya mikono ya mkokoteni. Mke na binti na fundi viatu walisukuma nyuma. Kwenye miinuko vijana wa kijiweni waliwatazama wakipita, wakaiona ngozi, na hakuna aliyetania. Wawili walikuja wakasukuma.

Kwenye jiwe jeupe mke alisimama.

"Mimi mwisho wangu hapa," alisema. "Mume wangu, unajua watakufunga?"

"Mtu akifungwa huwa anatoka," alisema. "Wewe ndiye uliyesema."

Aliteremka peke yake, visigino vikikita chini kuzuia mzigo. Mbele ya lango aliuingiza mkokoteni kati ya nguzo mbili, pale pale malori yanapopita, akatia mawe chini ya magurudumu, kisha akayafungua magurudumu yote mawili kwa spana na kuyabingirisha mtaroni. Mkokoteni ukakaa chini kwa tumbo. Ndipo akafanya alichokuwa anafanya kila asubuhi ya maisha yake: aligonga pipa kwa spana, mara tatu, akaita, "Maji! Maji!"

Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu kama kawaida. Watu walitoka na ndoo na madumu, kwanza kwa mazoea, halafu kwa kuona. Walipanga foleni. Hawakuwa na bango wala hawakuimba. Wakijaza ndoo hawakurudi nyumbani; walipita na maji hadi kwenye lori lililozuiliwa nje ya lango, wakayainua, na vichwa vya kijivu vikaja vikinyang'anyana. Mlinzi alipiga filimbi mpaka akaishiwa pumzi.

Sajenti alifika na gari limejaa askari. Alitazama foleni, akatafuta kundi lisilo na kibali, akakuta watu wananunua maji. Akamwendea Haidhuru, aliyekuwa amekaa kwenye mkono wa mkokoteni, ngozi mapajani.

"Mzee, unafanya maandamano?"

"Nauza maji, afande."

"Ondoa mkokoteni."

"Siwezi."

"Nasema uondoe! Sasa hivi!"

Askari wanne waliushika, wakavuta, wakasukuma. Maji yalicheka ndani ya mapipa, mkokoteni haukusogea. Wawili ni wale wale wa bustanini, na mmoja wao, aliyekuwa anasukuma siku ile, aliachia mikono akarudi nyuma, macho chini.

"Sikia, mzee," alisema Sajenti, sasa jasho linamtoka, maana nyuma ya foleni malori yalikuwa yanapiga honi na juu ya mteremko, kwenye jiwe jeupe, wanawake walikuwa wamesimama mstari mmoja hawavuki. "Wewe ni mtu mzima, mtu wa adabu. Siku ile ulitusaidia. Hebu tusaidie tena."

Haidhuru aliipapasa ile sehemu ya kipara begani mwa ngozi.

"Mkokoteni huu una mwenyewe wa kuuvuta, afande," alisema. "Nilikukabidhi akiwa mzima, anatembea kwa miguu yake minne. Mlete nimfunge hapa, nami nitaondoka."